Re: Alias hazipo nikiingia Ubuntu kwa SSH

Habari mkuu. Kwa hiyo alias (majina ya mkato ya amri) zinakubali ukifungua teminali kwenye kompyuta yenyewe, ila kwa SSH (kuingia kwenye kompyuta kwa mbali) hazipo, na ilianza ulipoongeza folda kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu). Angalia kwanza:

ls ~/.bash_profile ~/.bash_login

Likitokea mojawapo, shida ni hilo faili.

Bash (programu inayopokea amri zako) ya kuingia, yaani inayoanza ukiingia kwa SSH, husoma /etc/profile, kisha hutafuta ~/.bash_profile, ~/.bash_login na ~/.profile kwa mpangilio huo, na husoma la kwanza inalolikuta, basi. Kwenye Ubuntu, .profile ndilo linaloita .bashrc, zilimo alias zako. Ulipounda .bash_profile, .profile likarukwa na .bashrc halikuitwa. Teminali ya kawaida husoma .bashrc moja kwa moja, ndiyo maana huko hukuona tatizo.

Hamishia mstari wako mwishoni mwa ~/.profile:

export PATH="$PATH:/opt/node/bin"

Kama .bash_profile halina kitu kingine, lifute. Tafadhali usifunge dirisha ulilonalo mpaka ujaribu kuingia kwa dirisha la pili: ukisahau $PATH kwenye mstari huo, hata ls haitapatikana, itabidi uandike /bin/ls.

Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) hazisomi mafaili haya kabisa. Huko andika njia kamili ya programu.