Maranda ya bure yanakwisha Kinyanambo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni taka gani mtaani kwenu isiyostahili kuitwa taka, na kwa nini bado inatupwa?" Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Kinyanambo, Mafinga. Nusu ya kwanza ya swali haitusumbui watu wa huku, maana hata mtoto wa chekechea atakujibu: maranda, ule unga wa mti unaobaki mbao zikipasuliwa. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha na kalamu.

Anayepita barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya huona mbao zimepangwa pembeni, akasema Mufindi kuna utajiri. Haoni kilichoko nyuma ya mashine. Tuna shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na tuna misindano, yaani mipaini, na milingoti, yaani mikaratusi, ya watu binafsi kila kilima. Sehemu kubwa ya miti ya watu hupasuliwa kwa dingidongi, zile mashine ndogo za kuhamahama. Msumeno wake wa mviringo ni mnene, kila ukipita kwenye gogo unakula nusu sentimita au zaidi. Ukipasua mbao za inchi moja, kwa kila mbao nne au tano unene wa mbao nzima umegeuka unga. Hapo sijahesabu mabanzi, vile vipande vya pembeni vyenye magome.

Wengi huilaumu mashine wakaishia hapo. Mimi nasema hasara inaanzia kwenye ada ya shule. Msindano unataka miaka kama 18 hadi 25 ndipo utoe gogo nene. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano hawezi kusubiri, anauza miti ikiwa na miaka minane au tisa. Gogo jembamba ukilichonga liwe na pembe nne, sehemu kubwa inabaki kuwa mabanzi, kwa sababu duara dogo halina nyama ya kutosha katikati. Kwa hiyo rundo unaloliona nyuma ya mashine ndani yake kuna madaftari na sare. Semina ya mazingira haitalipunguza. Mkopo wa ada ungelipunguza.

Matumizi tunayo, hatujakosa akili. Maranda ni matandiko ya kuku, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai bila maranda makavu utaokota vifaranga kila asubuhi. Kuna jiko la maranda: unasimamisha chupa katikati ya debe lililotobolewa chini, unashindilia maranda kuizunguka, unaichomoa taratibu, kisha unawasha kwa kijiti kupitia lile tundu la chini. Maharage yataiva na moto utabaki. Moshi upo, sikatai. Najua serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa gesi ninao. Ukiisha tarehe 20 ya mwezi, narudi kwenye debe.

Shambani ndiko nilikoumbuka. Mwaka wa kwanza nilimwaga maranda mabichi kwenye bustani nikidhani ni mbolea ya bure. Mchicha ukadumaa, mahindi yakawa ya njano mpaka jirani akaniuliza kama nimeyapulizia dawa ya magugu. Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho: vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni, visipoikuta kwenye maranda vinainyang'anya kwenye udongo. Siku hizi maranda hupita kwa kuku kwanza yakapata kinyesi, kisha nayalundika kama miezi sita huku nikiyageuza na kuyamwagia maji. Yakitoka hapo ni meusi, na harufu ni ya msituni.

Sasa kwa nini yanatupwa? Kwa sababu ya umbali tu. Kiroba cha maranda ni chepesi hata mtoto anakibeba, lakini kinajaza gari. Ukikodi Fuso kuyapeleka kwa wafugaji wa Iringa, kilomita 80 na kitu, unalipia mafuta ya kusafirisha hewa. Mabanzi yana nafuu, yakigongwa kuwa maboksi ya nyanya safari inajilipa. Huko Ilula maboksi hayo yamechukua kazi nyingi ya matenga ya mianzi, na wasukaji wa matenga hawakufurahi, lakini hiyo ni barua nyingine. Maranda yenyewe hubaki palipo na mashine, na mashine ikihama yanaachwa.

Rundo lililoachwa halilali. Mvua huyalowesha, maji yanayotoka yanakwenda mtoni yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Kiangazi mtu hulitia moto, nao hauwaki juu, unatafuna ndani wiki na wiki. Mwaka fulani nilipanda juu ya rundo moja kujaza viroba vyangu, mguu ukazama hadi ugokoni. Nilikaa mwezi mzima natembelea fimbo. Mwenye mashine alikuwa keshahamia kijiji kingine.

Dawa ya umbali ni kuitumia taka pale pale inapozaliwa. Wenzetu wa Njombe wameifanya siku nyingi kwenye miwati, miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake. Kampuni ya TANWAT hukamua magome kupata dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na tangu miaka ya 1990 wana mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaokula mabaki ya miti. Matawi na miti midogo watu huchoma mkaa. Na mwati ukiwa hai, mizizi yake inaurudishia udongo naitrojeni, ile ile iliyoniadhibu kwenye mchicha.

Lakini nisimalize kama nimekwenda kwenye warsha. Ule msemo wa "taka ni mali" una upande ambao wanaousema hawaupitii. Mali ina mwenyewe. Maranda yalipokuwa taka, yalikuwa yetu. Jirani yangu mjane amejenga banda la nguruwe na choo kwa mabanzi, hakutoa hata senti. Mimi nilikuwa napeleka mayai kumi na uji wa saa nne, vijana wananijazia viroba kumi. Mwaka huu amekuja mnunuzi anayechukua kwa lori, mabanzi na maranda pamoja, kupeleka kwenye tanuru za matofali. Kwa msitu ni jambo jema, hilo nalikubali, afadhali tanuru kula maranda kuliko kula mti mzima. Ila wiki iliyopita nilipofika na chombo changu cha uji, kijana mmoja aliinamisha macho akasema, "Mama, bosi ametuambia tusigawe tena. Kiroba sasa ni elfu moja."

Nikamwambia, "Haya mwanangu, uji kunyweni tu, umeshapikwa."

Lori huja Jumatatu na Alhamisi. Nimekwenda kuonana na bosi mwenyewe nikamwomba yale ya pembeni, yaliyolowana, ambayo tanuru haliyataki. Kwangu yanafaa yale yale, nitayaanika mwenyewe. Amesema atafikiria.

Mfugaji, Kinyanambo, Mafinga