Kwa nini kikapu mechi saba, futiboli moja tu

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, timu mbili zinarudiana hadi mechi saba, ilhali kwenye mtoano wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukipoteza moja tu unafunga virago. Sababu kubwa ni miili. Futiboli ya Kimarekani ni kugongana mwanzo mwisho, mchezaji anahitaji karibu wiki nzima kupona. Kikapu unacheza leo, keshokutwa uko tena uwanjani.

Ndiyo maana NFL haina huruma. Patriots walishinda mechi zote 16 za msimu wa 2007, halafu Giants wakawafunga 17-14 kwenye Super Bowl, yaani fainali. David Tyree wa Giants aliubana mpira juu ya kofia yake huku beki akimvuta chini! Ingekuwa mechi saba, nadhani Patriots wangelibeba.

Ila mechi saba nazo si dawa ya kila kitu. Fainali ya NBA mwaka 2016, Golden State, wenye ushindi 73 msimu mzima, waliongoza mechi 3-1 na Cleveland wakapindua. Ile ya saba niliitazama saa tisa usiku: 89-89, zaidi ya dakika tatu hakuna anayefunga, LeBron wa Cleveland anatokea nyuma anauzuia mpira wa Iguodala wa Golden State kwa kuubamiza ubaoni, kisha Kyrie, mwenzake LeBron, anamtungua Curry wa Golden State pointi tatu. Niliamsha nyumba nzima.

Futiboli ya vyuo nayo, mtoano wa kusaka bingwa wameupanua kutoka timu 4 hadi 12 msimu wa 2024. Chuo cha Ohio State, waliokuwa wamefungwa na Michigan kwenye uwanja wao wenyewe, ndio wakachukua ubingwa. Kwa mfumo wa zamani wangeishia kutazama kwenye runinga kama sisi.