Mbwa mchanga na kondoo anayezaa: tazama anakaa umbali gani

Msimu wa kuzaa ukikaribia, usihesabu miezi ya mbwa peke yake ili kujua kama yuko tayari kukaa na kondoo wanaozaa. Mbwa wa kulinda mifugo, awe Kangal, Maremma au wa kienyeji aliyelelewa zizini, kwa kawaida hukomaa akiwa na miezi 18 hadi 24. Hata hivyo wapo waliotulia mapema, na wapo wa miaka miwili wenye akili za kitoto. Kule Namibia, ambako Cheetah Conservation Fund, shirika la kuhifadhi duma, imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa aina hii tangu 1994, mbwa hupelekwa kwa mifugo akiwa bado mdogo ili awazoee. Lakini kuzoea kondoo wazima hakumfundishi uzazi. Kitu kilicholowa, kinacholia na kunuka damu, ni kigeni kabisa kwake.

Mpime mwezi mmoja kabla. Akipita katikati ya kundi, kondoo waendelee kucheua. Jike akimwinamishia kichwa kwa ukali, mbwa ageuze uso, azunguke au alale chini. Kila jioni papasa masikio ya kondoo kwa mkono na uangalie shingo: ukikuta mikwaruzo mipya, au manyoya yaliyolowa mate, ujue kuna mchezo unaochezwa usipokuwepo.

Siku ya uzazi wenyewe, mfunge kamba ya mita tano, na uanze na jike mzoefu, kamwe si anayezaa mara ya kwanza. Mbwa aliye tayari hulala mbali kidogo, huangalia pembeni, na husogea pale tu mama anapomruhusu. Anayekaza macho, kutetemeka, kunung'unika na kuvuta kamba bado hajaiva. Usimpige, mwondoe kimya kimya, umrudishe kwa jike mwingine.

Kosa linaloua wanakondoo wengi halitokani na ukali. Mbwa mwenye upendo kupita kiasi humramba mtoto kabla mama hajamaliza kumsafisha, kisha hulala kando yake na kumfukuza mama. Zile saa za kwanza ndizo mama anamjua mwanawe kwa harufu na ladha ya maji ya uzazi. Harufu hiyo ikishaondoka, mama humpiga kichwa mtoto anapotafuta chuchu, na mtoto hukosa dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Ikitokea, mpake mtoto majimaji ya kondo la nyuma, hasa kichwani na chini ya mkia, uwafungie wawili hao kwenye kizimba cha mita moja na nusu kila upande kwa siku mbili au tatu. Hakikisha amenyonya, asipoweza, mkamue mama umnyweshe. Jike anayezaa mara ya kwanza ndiye hupokonywa kirahisi, kwa sababu hajui kupigania.

Kuhusu kondo la nyuma, mbwa akilila baada ya kudondoka si dhambi. Anaondoa harufu inayoita mbweha na fisi. Ubaya ni kulivuta likiwa bado linaning'inia. Na mimba ikitoka, asiguse chochote: vaa glavu, fukia kwa kina au choma, maana huenda ni brusela, ugonjwa wa kutoa mimba unaoambukiza hata watu. Mlishe mbwa ashibe kabla, mahali ambapo kondoo hawafiki, asije akalinda bakuli lake dhidi ya jike mjamzito.

Wengi hudhani mtihani umekwisha hapo. Bado. Wiki ya pili wanakondoo huanza kukimbizana jua likizama, na mbwa aliyekuwa mpole siku ya uzazi huingia kwenye mbio hizo, akakamata mguu au mkia. Kaa naye saa hiyo ya jioni kwa siku kumi mfululizo.

Akishindwa, muweke upande wa pili wa uzio, jirani na wanaozaa. Bado atawabwekea wanyama wakali usiku, na ataona na kunusa kila kitu bila kufikia mtoto hata mmoja. Msimu ujao mjaribu tena kwa kamba ileile.