Vimeng'enya vya kumeza na TGF-beta: angalieni kwanza bomba la damu

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Niko Shela, Lamu. Mama ana baridi yabisi ya viungo na anameza dawa ya methotreksati. Ndugu yetu wa Ujerumani ametuletea vidonge vya vimeng'enya, anasema vinashusha kichocheo cha mwili kiitwacho TGF-beta kwenye damu. Tumempima mama, jibu limekuja juu. Aanze? Au papai bichi latosha?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kazi ya papai bichi unaijua jikoni: ukiipaka nyama ya mishkaki, hata ile ngumu hulainika. Ni papaini, kimeng'enya, yaani protini inayokatakata protini nyingine, iliyo kwenye utomvu wake mweupe. Ila asidi ya tumbo huweza kuiharibu, ndiyo maana vidonge hivyo huvikwa ganda lisiloyeyuka mpaka vifike utumboni. Hapo sehemu ndogo tu ya vimeng'enya hupenya damuni ikiwa nzima.

Humo damuni mna protini kubwa iitwayo alfa-2-makroglobulini. Ifikirie kama dema la wavuvi wa kwenu. Kimeng'enya kikiuma chambo, dema hufunga, na umbo lake jipya huishika TGF-beta kwa nguvu zaidi. Kisha ini huliopoa dema na vyote vilivyonasa.

Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2001 matokeo ya watu waliomeza vimeng'enya vya aina hii, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa kama mama. Waliokuwa na TGF-beta1, aina mojawapo ya TGF-beta, ya zaidi ya nanogramu 50 kwa mililita ya seramu (maji ya damu), ilishuka. Waliokuwa na kiwango cha kawaida, haikubadilika cha maana. Hilo linanifurahisha, kwani kichocheo hiki tunakihitaji pia: ndicho kinachosaidia kidonda kufunga. Lakini namba kushuka si sawa na goti kupoa.

Kinachonitia shaka ni kipimo chenu. Chembe sahani za damu zimejaa TGF-beta, na damu ikiganda huimwaga. Kwa hiyo seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, siku zote husoma juu kuliko utegili, maji ya damu iliyozuiwa isigande. Damu iliyotolewa Shela ikangoja boti ya kwenda Mokowe, kisha gari la Mombasa, ina muda mwingi wa kumwaga. Muulize fundi wa maabara: bomba lilikuwa na kifuniko chekundu au cha zambarau? Chekundu kwa kawaida ni seramu, zambarau ni utegili. Jibu la seramu likisomwa kwa viwango vya utegili, mama ataonekana ana tatizo asilokuwa nalo. Mrudieni kipimo: bomba la aina ileile, maabara ileile, na damu izungushwe mashineni mapema ili maji yake yatengwe na chembe.

Methotreksati asiiache kamwe bila daktari wake kusema. Kama anatumia warfarini au aspirini, au ana operesheni karibu, vidonge hivyo asivianze, maana vinaweza kuzidisha kutokwa damu. Kama nanasi au papai humwasha, vilevile asiviguse. Kikopo chenyewe mpelekeeni daktari akisome.

Jibu la pili likitoka, niandikie pamoja na rangi ya kifuniko.