Pikapu ina betri mbili, nibadilishe moja tu?

SWALI: Habari za kazi fundi, nina pikapu ya dizeli ya betri mbili, volti 12, nabeba viazi Kabale mpaka Kampala. Asubuhi stata inazunguka kivivu, jamaa kapima kasema betri moja ndo imekufa. Si ninunue hiyo moja tu, hela zenyewe hizi?

JIBU: Hapana ssebo, badilisha zote siku moja, aina moja na saizi moja, maana zimeungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), ile nzee itakuwa inainyonya mpya kila usiku na baada ya muda mfupi unarudi tena dukani. Ukifika Kisekka, soko la spea pale Kampala, usiangalie Ah (umeme betri inaoweza kutunza) peke yake, angalia namba ya CCA, hiyo ndo nguvu ya kuwasha injini ikiwa baridi, dizeli inabana hewa kuliko petroli so stata inakula umeme mwingi, na baridi ya kwenu Kabale si mchezo. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima mi siigusi hata nipunguziwe. Ila kwanza pima chaji injini ikinguruma, iwe volti 13.8 hadi 14.5 hivi, ikiwa chini ya hapo mgonjwa ni altaneta, ile inayochaji betri, betri unazionea bure.