Alumini au uPVC? Pima kwanza upana wa dirisha

Msomaji mmoja ameniandikia: nyumba imeshapauliwa, fundi anashikilia alumini, shemeji anashikilia uPVC, yaani plastiki ngumu ya fremu za madirisha, amsikilize nani? Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa najenga. Mwishowe nikaweka zote mbili, alumini sebuleni na uPVC vyumbani. Nilichekwa sana. Fundi mmoja alitamka mbele za watu kwamba nyumba yangu itaonekana imejengwa kwa mabaki, na kauli ile inaniuma hadi leo.

Lakini nilijua ninachofanya. Dirisha la sebuleni limechukua karibu ukuta mzima. Alumini ni ngumu, inabeba kioo kizito kwa fremu nyembamba. Plastiki kwa upana ule ingepinda. Vyumbani madirisha ni madogo na jua la jioni linayapiga moja kwa moja. Alumini hupitisha joto takriban mara elfu moja zaidi ya uPVC, labda ununue ile yenye kizuizi cha plastiki katikati ya fremu, ambayo bei yake ni nyingine kabisa. Leo wageni wakilala kwangu husifia vyumba, nami nafurahi waziwazi.

Sasa usikie vizuri kuhusu uPVC, maana hapa ndipo watu wanapolizwa. Plastiki hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini. Fremu ya mita 2 joto lake likiongezeka kwa nyuzi 40 hurefuka kama milimita 5. Ya alumini haifiki 2. Kwa hiyo lazima ibaki nafasi kati ya fremu na ukuta, ijazwe povu, kisha izibwe kwa silikoni. Mafundi wangu walitaka kushindilia saruji pande zote. Nilikataa, tukagombana, nikabaki pale mpaka wakamaliza nilivyotaka. Madirisha yale yanafunguka kwa kidole.

Ndugu yangu, simama kwenye kazi yako! Usilipe kabla ya kuonyeshwa kipande cha uPVC kilichokatwa, uone kama ndani kuna chuma cha kuikaza. Ukiambiwa hakihitajiki kwenye dirisha kubwa, ondoka. Kwa alumini, kagua rangi na pembe zilivyoungwa, na usiruhusu saruji mbichi ikaukie juu yake, kwa sababu huila alumini na kuacha madoa yasiyotoka. Na kama unakaa karibu na bahari, dai skrubu na bawaba za chuma kisichoshika kutu, uwe umechagua alumini au uPVC.