Fundi Ajibu: Kabla Hujabana Testa kwenye Waya wa Simu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu testa ya mkononi ya kupimia laini za simu na intaneti ya waya wa shaba. Faiba imeenea, ndiyo, lakini bado kuna majengo mengi ambayo simu zake za ndani zinatembea kwenye shaba, na anayepanda ngazi ni fundi yuleyule.

Naunganisha simu za maofisini. Wazee wa kazi huniambia waya wa simu hauna umeme wa kumdhuru mtu, lakini juzi nilimenya waya kwa meno nikarushwa. Testa ilikuwa imeonyesha laini ni nzima. Je, imeharibika? (Msomaji, Busia)

Testa haina kosa, kosa ni la meno. Laini nzima ndiyo yenye umeme. Simu ikiwa imetulia mezani, kwenye jozi ya waya kuna takriban volti 48 za mkondo mnyoofu (DC). Simu ikiinuliwa zinashuka hadi kati ya 6 na 12. Volti 48 kwenye kidole kikavu huenda usizisikie kabisa. Balaa huja mtu anapopiga: ili simu ilie, mtambo hutuma volti 75 hadi 90 za mkondo geu (AC), na mdomo una mate. Nunua kisu cha kumenyea waya.

Hata hivyo hizo si volti za kuogopwa zaidi. Cha kuogopa ni waya wa simu uliogusana na waya wa umeme wa volti 240, ama kwenye nguzo, ama ndani ya dari ambako mtu alipitisha vyote katika bomba moja. Kwa macho hutaona tofauti. Kwa hiyo multimita hutangulia, testa hufuata.

Weka multimita kwenye V yenye kiwimbi, yaani mkondo geu, kipimo cha volti 600, ushike vijiti nyuma ya kingo zake za plastiki. Pima mara tatu: waya kwa waya, waya wa kwanza kwa ethi, waya wa pili kwa ethi. Rudia zote tatu kwenye mkondo mnyoofu. Ethi iwe ethi ya kweli, yaani fito iliyochimbiwa au skrubu ya ethi ya sanduku. Bomba la maji la plastiki si ethi, ingawa tunaona watu wakilibana. Mkondo geu ukizidi volti 10 wakati simu hailii, tafuta unatoka wapi kabla ya kuendelea. Ukifika 50, usibane kitu: zuia watu wasikaribie, uwaite watu wa kampuni ya umeme. Wapo watakaokuambia hizo ni volti hewa zilizoambukizwa na waya wa jirani, na mara nyingine ni kweli, ila hilo halithibitishwi kwa mkono.

Vipimo vikiwa sawa, bana klipu. Klipu nyingi za testa ya simu zina sindano ndogo katikati ya meno yake, zinatoboa plastiki na kufika kwenye shaba, kwa hiyo huna haja ya kumenya waya. Anza swichi ikiwa upande wa kusikiliza. Upande wa kuzungumza testa huvuta mkondo kama simu iliyoinuliwa: unaweza kuingilia maongezi ya mtu, na testa za zamani huangusha intaneti ya laini nzima mara tu unapobonyeza.

Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, fungua klipu ushuke. Radi ikipiga waya kilomita kadhaa kutoka ulipo, huja mpaka kwenye klipu. Wasomaji wa Tororo hawahitaji kuelezwa habari za radi.

Testa ya ADSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu) inaniambia laini imeshika, kasi ni nzuri, lakini mteja analalamika intaneti inakatika kila jioni. Nitazame namba gani? (Msomaji, Mbale)

Kasi ni namba ya mwisho kutazamwa. Kwanza chomoa modemu ya mteja, maana modemu mbili hazikai kwenye laini moja na testa hapo inafanya kazi ya modemu. Pima pale laini inapoingia ndani ya jengo, kabla ya filta na soketi zote.

Tazama akiba ya mawimbi juu ya kelele, ambayo testa nyingi huiandika SNR. Ikiwa desibeli 6 au zaidi, laini ina nafasi ya kupumua. Ikiwa 2 au 3 mchana, jioni kelele za redio na vifaa vya majirani zikipanda laini itaanguka, na hiyo huenda ndiyo hadithi ya mteja wako. Pima tena saa anazolalamikia.

Kisha linganisha upotevu wa mawimbi na ukinzani. Ondoa laini kwenye mtambo, hakikisha haina volti, mwenzako aunganishe waya mbili upande wa pili, nawe upime omu. Shaba ya milimita 0.4 hutoa takriban omu 280 kwa kilomita ya jozi, na katika ADSL hupoteza kama desibeli 14 kwa kilomita. Basi omu 560 ni kilomita 2, ungetarajia desibeli 28. Testa ikikuonyesha 45, kuna kiungo kilicholowa au kipande cha waya wa zamani kilichoachwa kikining'inia kwenye jozi.

Usidanganywe na neno "imeshika". Waya mmoja wa jozi unaweza kuwa umekatika kabisa na ADSL ikashika hivyohivyo, kwa sababu mawimbi ya juu huruka pengo dogo. Dalili yake ni kwamba kasi iko chini sana, na ukibonyeza simu hakuna mlio.

Nikipima uvujaji wa umeme kwenye waya kwa volti 500 laini zote zinaonekana mbovu. Kwa 100 ni nzima. Niamini ipi? (Msomaji, Masaka)

Amini ya 100. Vizuia radi vingi vya gesi kwenye masanduku huanza kupitisha umeme kati ya volti 230 na 350, hivyo kwa 500 unapima kizuia radi, siyo laini. Na modemu iliyoachwa imechomekwa unaweza kuiunguza. Chomoa ncha zote mbili, tumia volti 100. Chini ya megaomu 1 kuna unyevu. Ukimaliza, gusanisha waya zote mbili na ethi kabla ya kushika, kwa kuwa waya mrefu hubaki na chaji.

Testa ya taa za rangi iliungua nilipopima kebo ya antena ya intaneti juu ya paa. Kwa nini? (Msomaji, Arua)

Kebo hiyo hupandisha umeme wa antena pamoja na data, kwa kawaida volti 24 au 48, na testa za bei rahisi hazina kinga dhidi yake. Chomoa kwanza kile kisanduku cha umeme kilicho chini, usubiri taa yake izime, ndipo uchomeke testa.